Chuo na manispaa: kupanga kazi ya pamoja ya uwandani Dar es Salaam

Kabla ya kuandika hati yoyote ya makubaliano, tafuteni swali ambalo afisa mipango miji anaulizwa na madiwani wake na hana jibu. "Changamoto za makazi yasiyopangwa" ni mada ya tasnifu, haimpi afisa kitu cha kupeleka kikaoni. Swali linalofaa lina mipaka: katika kata hii, mifereji ipi ya maji ya mvua imeziba, ipi inaishia uani kwa mtu, na ipi izibuliwe kabla ya masika? Mfano huo ndio tutakaoutumia hapa, maana jiji limeshaizoea kazi ya namna hiyo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora Tandale pamoja na wakazi wake, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatumia wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) kuchora kata zinazofurika.

Barua ipite wapi

Barua ya chuo iandikwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Ukiipeleka mkononi kwa mkuu wa idara unayefahamiana naye, atakupokea kwa chai na kazi itasimama palepale: haikupita masijala, haina namba ya kumbukumbu, wala hana pa kuiandikia dokezo. Dar es Salaam ina halmashauri tano, yaani Jiji (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kazi inayovuka mipaka yao, kama ya bonde la Msimbazi, ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Kwa Mkurugenzi barua inashuka hadi kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, kisha wajumbe. Tengeni wiki tatu au nne kwa safari hiyo. Ngazi ya mwenyekiti msiiruke hata kama mtendaji amewapa ruhusa. Mwanafunzi anayepima nyuma ya nyumba za watu bila mwenyekiti kujua ataonekana ni mtu wa bomoabomoa, na habari hiyo itazunguka mtaa mzima kabla ya saa sita mchana.

Kalenda mbili

Hapa ndipo ushirikiano mwingi unapofia. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na maandalizi ya bajeti yanapamba moto kuanzia Novemba hivi. Ombi likifika Machi, kasma (mafungu ya bajeti) zimeshapangwa. Wanafunzi nao wanapatikana wakati wa mafunzo kwa vitendo, katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Bahati nzuri ni kipindi cha kiangazi, watu wanaweza kuingia ndani ya mfereji wakiwa na gambuti.

Kwa hiyo mzunguko uwe hivi: ombi la fedha lifike Oktoba, uwandani iwe Julai na Agosti ya mwaka unaofuata, na matokeo yatoke kabla ya Oktoba ya mwaka huo wa uwandani kwisha, ili yaingie kwenye bajeti inayofuata. Zibuzibua ya haraka ifanyike kabla ya Machi kwa fedha zilizopo tayari. Msipange siku ya kwanza ya uwandani wiki ya kwanza ya Julai, fedha za robo ya kwanza huchelewa. Salama zaidi ni halmashauri kutoa ilicho nacho mkononi (gari, afisa mmoja, michoro ya mipango miji, chumba cha mafunzo), chuo kibebe nauli, chakula na bando. Posho ya wenyeji wanaoongoza jozi za wanafunzi iwe sawa katika mitaa yote. Mtaa wa pili utajua mtaa wa kwanza ulilipwa ngapi.

Hati yenyewe

Kurasa mbili na kiambatisho cha ratiba zinatosha. Mwanasheria wa kila upande aisome mapema, maana ndiye anayechelewesha kuliko wote. Yasikosekane majina ya vyeo (si ya watu) vinavyowajibika, nani anamiliki taarifa, nani anaruhusiwa kuzichapisha na baada ya siku ngapi. Mhadhiri anataka makala, manispaa inaogopa kusomwa gazetini kabla haijajua. Siku 30 za manispaa kuyapitia matokeo kabla ya kuchapishwa huondoa ugomvi huo.

Fomu na vifaa

Jozi ya wanafunzi wawili na mwenyeji mmoja iwe na simu moja yenye ODK Collect au KoboCollect (programu za kujazia fomu kwenye simu, zote za bure), pawabenki, futikamba ya mita 5, rifleta na nakala ya barua yenye muhuri. Fomu isizidi maswali 15. Kwa kila kipande cha mfereji chukueni upana, kina, aina (zege, mawe, udongo), kiasi kilichojaa taka au mchanga (robo, nusu, robo tatu au chote), picha moja, na mahali maji yanapoishia. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na bila hilo mtakuwa na vipande vya mifereji visivyounganika.

Kiangazi kina kasoro yake: mafuriko hayaonekani. Muulizeni mkazi maji yalifika wapi ukutani, kisha mpime urefu huo kutoka chini. Ukiandika "yalifika magotini", huwezi kulinganisha nyumba mbili.

Jaribuni fomu kwa siku mbili katika mtaa mmoja kabla ya kuwasambaza wote. Halafu kila wiki afisa wa manispaa arudie kupima kipande kimoja kati ya kila kumi. Jozi ambayo vipimo vyake vyote ni namba nzima, mita 1, mita 2, mita 1, inakisia kwa macho.

Makosa ya kiufundi

La kwanza ni datamu, yaani msingi wa kupimia ambao viwianishi vya ramani hutegemea. Michoro mingi ya zamani ya upimaji iko kwenye Arc 1960, simu inatoa WGS 84. Zote mbili zikisomwa kama UTM (mfumo wa viwianishi vya mita) kanda ya 37 Kusini bila kubadilishwa, mifereji inahama karibu mita 300 kaskazini au kusini, na mtu asiyejua atasema wanafunzi walipotea. Kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, msimbo wa kuchagua Arc 1960 ya kanda hiyo ni EPSG:21037 na wa WGS 84 ni EPSG:32737.

La pili ni haraka. Kwenye vichochoro vya mabati GPS ya simu huchukua muda kutulia. Subirini namba ya usahihi kwenye skrini ishuke hadi mita 5 ndipo mhifadhi nukta.

La tatu linaudhi kuliko yote. Faili la shapefile (muundo wa zamani wa faili za ramani) hukata majina ya safu yakizidi herufi 10, hivyo "kina_cha_mfereji" na "kina_cha_maji" yote huanza na "kina_cha_m", na hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Tumieni GeoPackage, muundo mpya zaidi usiokata majina hivyo, au majina mafupi tangu mwanzo.

Majina na namba za simu za wakazi zisiingie kwenye faili linalosambazwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu chuo na manispaa sawasawa.

Kukabidhi

Ripoti ya kurasa 80 itakaa kabatini. Kabidhini GeoPackage moja, ramani ya ukubwa wa A1 kwa kila ofisi ya kata, na ukurasa mmoja wenye orodha ya mifereji kwa mpangilio wa dharura, pamoja na urefu wa kila mmoja kwa mita, kwa sababu mhandisi anakadiria gharama kwa mita. Ukurasa huo ufike Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kupitia mkuu wa idara, siyo kupitia mhadhiri. Na kabla wanafunzi hawajarudi darasani, wafundisheni maafisa wawili kufungua na kusahihisha faili lile kwenye kompyuta ya ofisini. Mmoja hatoshi, barua ya uhamisho haipigi hodi.