Kugeuza kigari cha 1:64 kiwe matatu ya abiria 14

Matatu ya Toyota Hiace ya abiria 14 ni rahisi sana kuitengeneza vibaya. Umbo lake ni sanduku, halina mikunjo ya kuficha makosa. Mstari wa manjano ukipinda kidogo, rangi ikiwa nene, au vumbi likikaa pasipo pake, yeyote aliyewahi kusimama stejini ataona kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Maelezo haya ni ya vigari vya chuma vya kipimo cha 1:64, yaani gari halisi limegawanywa kwa 64, vile vinavyopatikana madukani vikiwa vipya, au kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kwenye mafungu ya vitu vya watoto. Kazi ya mikono ni saa chache tu. Muda mwingi utakuwa unangoja rangi ikauke, na wanaoharibu kazi karibu wote huiharibia hapo.

Kabla ya kununua

Hiace ya kizazi cha H200, iliyotoka mwaka 2004, ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa 1,695 kwa bodi ya kawaida. Gawanya kwa 64 unapata 73 na 26.5. Lakini watengenezaji wengi huunda vigari vyao vienee kwenye pakiti ya saizi moja, basi usiamini kipimo kilichoandikwa. Chukua rula, pima urefu, kisha gawanya 4,695 kwa ulichopata. Kigari cha milimita 70 ni 1:67, na hiyo 67 ndiyo utakayotumia kugawanyia kila kitu kuanzia hapo, kuanzia mstari hadi namba ya gari.

Angalia pia mlango wa kuvuta. Matatu zetu zina usukani kulia na mlango wa abiria kushoto. Vigari vya Tomica vinatoka Japani, nchi inayoendesha upande kama wetu, kwa hiyo mara nyingi havina shida. Vilivyochorwa kwa soko la Ulaya au Marekani huwa na usukani kushoto. Usukani unaweza kuukata kwa wembe na kuuhamisha, lakini mlango umechongwa kwenye chuma chenyewe. Mlango ukiwa upande usiofaa, kirudishe kigari ulipokitoa.

Kukifungua

Geuza kigari juu chini. Utaona ribiti (pini ya chuma iliyogongwa kichwa) moja au mbili zilizoshika sakafu. Anza na biti ya drili ya milimita 1.5 katikati kabisa ya ribiti ili kupata shimo la kuongozea, kisha ingia na biti ya milimita 3 hadi kichwa cha ribiti kitoke kama kikofia. Hilo ni suala la milimita moja hivi, si zaidi. Ukiendelea kuchimba unakula nguzo ambayo baadaye itashika skrubu. Drili iende polepole: aloi hii ya zinki ni laini, na biti ikishika kasi huteleza na kukwaruza sakafu.

Sakafu ikitoka, tenga vioo, viti na magurudumu uvihifadhi kwenye kikopo. Kisha chimba nguzo kwa biti ya milimita 1.6 kwenda chini milimita 4. Hapo itaingia skrubu ya M2 (ya unene wa milimita 2), ambayo fundi yeyote wa simu na laptopu pale Barabara ya Luthuli atakuwa nayo ndani ya kopo lake. Ukifunga kwa gundi badala ya skrubu, siku kioo kikilegea ndani itabidi uvunje.

Kutoa rangi

Tumia dawa ya kutoa rangi ya magari, ile nzito kama jeli, inayouzwa kwenye maduka ya rangi Barabara ya Kirinyaga. Vaa glavu, fanyia kazi nje, paka kwa brashi kuukuu, ngoja dakika 15, kisha sugua kwa mswaki na usuuze kwa maji mengi. Rangi ikibaki pembeni mwa madirisha, rudia. Kipande chochote cha plastiki kisiguse dawa hii. Kioo kitalainika na kugeuka cheupe kabla hujageuka.

Wapo wanaopendekeza kostiki soda kwa kuwa ni rahisi na iko kila hadwea. Iache. Inaitoa rangi kweli, lakini pia inakula zinki yenyewe. Ukiona mapovu yanaendelea baada ya rangi kuisha, ujue chuma ndicho kinacholiwa, na kitatoka na vishimo vidogo ambavyo praima, ile rangi ya msingi, haitavificha.

Baada ya hapo piga tupa nyembamba kwenye mistari iliyoachwa na kalibu, hasa ile ya paani, kisha msasa wa 400 na wa 600 wenye maji. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, na kuanzia sasa usiguse bodi kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi ndiyo yanayofanya rangi ibanduke pamoja na tepu.

Rangi nyembamba

Kila unene kwenye kigari uuzidishe mara 64. Rangi ya milimita 0.1, ambayo mkononi huihisi hata kidogo, ni sawa na gari halisi lililopakwa rangi ya unene wa milimita 6.4. Ndiyo maana mistari ya milango hupotea na kigari kikaanza kuonekana kama sabuni iliyotumika.

Spreyi ya kopo inatosha. Liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 (ya uvuguvugu, si ya moto) ili rangi itoke laini. Shika umbali wa sentimita 20, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye kigari na umalize ukishakipita. Praima mara mbili nyepesi, dakika 20 kati yake. Ikauke usiku kucha. Kisha rangi ya bodi, mara mbili au tatu nyepesi. Mpulizo wa kwanza usizibe kabisa. Ukiona praima bado inachungulia, uko sawa.

Hali ya hewa ya Nairobi ina yake. Mwezi wa Julai, au jioni ya masika, rangi hukauka huku unyevu ukiganda juu yake na kuacha ukungu mweupe. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Ukungu ukishatokea, ngoja siku kavu upulize tena safu nyembamba sana ya rangi ileile. Mara nyingi huondoka.

Kosa lingine ni kuchanganya rangi. Spreyi ya magari juu ya rangi ya mafuta hukunjamana ndani ya dakika chache, kwa sababu thina yake huilainisha rangi ya chini. Hakuna dawa ila kutoa yote na kuanza upya. Praima, rangi na vanishi zote ziwe za aina moja, au zijaribiwe kwanza chini ya sakafu ambako hakuna anayeangalia.

Mstari wa manjano

Mstari huu ulikuja na kanuni za matatu nchini Kenya zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati waziri wa uchukuzi akiwa John Michuki, na upana wake ni milimita 150. Kwa 1:64 ni milimita 2.3. Wengi huupaka milimita 4 kwa kuwa ndivyo mkono unavyopenda, na hapo matatu inageuka katuni.

Usiupake juu ya rangi ya bodi ikiwa bodi ni ya rangi nzito. Manjano haina nguvu ya kufunika. Itakuhitaji safu tano na itaacha tuta. Fanya kinyume:

1. Puliza nyeupe kwenye ukanda mzima wa katikati, chini ya madirisha, kisha manjano juu yake. Ngoja siku nzima.
2. Bandika tepu ya karatasi juu ya kipande cha kioo, kata vipande vya milimita 2.3 kwa wembe mpya na rula ya chuma. Tepu ya hadwea ina pembe chakavu, kwa hiyo kata pande zote mbili, usitumie pembe iliyotoka nayo.
3. Bandika kuzunguka kigari, ubavu, nyuma, ubavu. Ukiangalie kwa usawa wa macho, si kutoka juu. Bonyeza kwa kijiti cha meno ndani ya mistari ya milango.
4. Puliza manjano tena, mara moja nyepesi. Itapenya chini ya tepu na kuziba mianya, na kwa kuwa ni manjano juu ya manjano haitaonekana.
5. Sasa puliza rangi ya bodi. Toa tepu baada ya dakika 20, ukiikunja kurudi nyuma yenyewe polepole. Ukingoja kesho yake, rangi itang'oka kwa vipande.

Maandishi

Printa ya kawaida haina wino mweupe, na hapa ndipo wengi hukwama. Bahati nzuri jina la njia huandikwa kwa nyeusi juu ya ule mstari wa manjano, kwa hiyo karatasi angavu ya stika za maji (zile zinazoloweshwa ndipo zibandikwe) inatosha. Herufi kubwa za saizi ya 6 zina kimo cha milimita 1.5 hivi, zinaingia vizuri. Chapisha kwa printa ya leza. Ya wino itachuja ukizamisha stika majini, isipokuwa umeipulizia vanishi kwanza mara mbili na ikakauka.

Namba za gari ni nyeupe mbele na manjano nyuma, herufi nyeusi zote mbili. Bamba refu la kawaida, kwa 1:64, ni takriban milimita 8 kwa 1.7. Utashangaa vigari vingapi vizuri vimewekwa nyeupe pande zote. Tunga namba yako mwenyewe, usinakili ya gari la mtu. Karibu na mlango weka mistari miwili midogo ya uzito wa gari na idadi ya abiria. Haisomeki, lakini ikikosekana ubavu unaonekana mtupu.

Michoro mikubwa, taa za rangi na sura za wanamuziki waachie manyanga, yale matatu ya mapambo. Hiace nyingi za abiria 14 zina jina la Sacco (chama cha wenye matatu), mstari, njia, na pengine stika moja kwenye kioo cha nyuma.

Ndani

Ikiwa kigari chako kilikuwa cha mizigo, viti vikate kwenye kadibodi nyembamba ya pakiti ya unga wa nafaka: upana milimita 7 kwa kila abiria, kimo cha mgongo milimita 9. Kinachoonekana ni vichwa vya viti tu, usijichoshe. Vioo virudishe kwa gundi nyeupe ya seremala. Supa gluu hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye plastiki angavu, na ukungu huo hautoki.

Vumbi

Hapa ndipo kigari kinapopata anwani. Magharibi na kaskazini mwa jiji, kuelekea Kikuyu na Kiambu, udongo ni mwekundu. Embakasi na kuelekea Athi River ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka huwa kijivu. Matatu iliyoandikwa Kikuyu ikiwa na vumbi la kijivu haiendi Kikuyu.

Udongo halisi unafaa, ila si kama ulivyo. Chembe ya milimita 0.1 kwenye kipimo hiki ni jiwe la milimita 6. Kuchekecha kwa soksi ya nailoni hakutoshi. Weka vijiko viwili vya udongo kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja dakika moja mchanga uzame, kisha mimina yale maji machafu kwenye glasi nyingine. Yaache hadi kesho, mwaga maji ya juu, anika tope lililobaki kwenye sahani. Likikauka lisage kwa mgongo wa kijiko. Litakuwa laini kama poda.

Puliza vanishi isiyong'aa kwanza, kwa sababu poda haishiki kwenye rangi inayong'aa. Kisha ipake kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Mlango wa nyuma upate zaidi ya mbavu: gari lenye mgongo wima huvuta hewa nyuma yake, na vumbi hupanda nayo hadi kwenye kioo. Kwenye kioo cha mbele acha upinde safi wa waipa.

Halafu nenda upande wa kushoto. Makanga hufungua na kufunga mlango ule siku nzima, na hushika pale pale. Kwa pamba ya masikio yenye unyevu kidogo futa vumbi kuzunguka kishikio, kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, na kipande kidogo cha ukingo wa paa juu yake, ambapo kiganja hupiga kumwambia dereva aende. Kisha ukwaruze ukingo wa chini wa mlango, ngazini, kwa ncha ya penseli ya 2B: viatu vimetoa rangi hapo na chuma kinachungulia. Kwaruzo mbili zatosha.

Ukipuliza vanishi juu ya poda, nusu yake itapotea na iliyobaki itakuwa nyeusi zaidi. Kama kigari ni cha kuwekwa kabatini, usiipulize kabisa. Kama kitashikwashikwa, paka poda maradufu ya unavyotaka kisha vanishi mara moja kwa mbali, sentimita 30.

Mwisho rudisha sakafu na magurudumu. Skrubu ya M2 inajikatia njia yenyewe kwenye zinki: zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele. Ikianza kugoma itoe, safisha unga wa chuma shimoni na uirudishe. Ukiilazimisha nguzo hupasuka, na ikishapasuka inabaki gundi ya Araldite tu.