Kuuza mandazi ya nyumbani Minnesota bila leseni: jinsi ya kujisajili

Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini ya Minneapolis, harusi au harambee ya Wakenya haipiti bila mtu kuingia na boksi la mandazi. Anayeyapika mara nyingi anauza kimyakimya. Anaamini kwamba ili biashara iwe halali ni lazima akodi jiko la biashara na kulipia leseni, na hizo pesa hana. Kwa mandazi, hahitaji. Tangu tarehe 1 Julai 2015, kifungu 28A.152 cha sheria za Minnesota kinamruhusu mtu kupika vyakula fulani jikoni kwake na kuviuza bila leseni ya chakula, mradi amejisajili kwenye Idara ya Kilimo ya jimbo. Ukitafuta mtandaoni, andika "cottage food", yaani chakula cha kuuza kilichopikwa nyumbani, pamoja na jina la jimbo, maana kila jimbo la Marekani lina sheria yake na ya Texas haitakusaidia hapa.

Anza na sufuria, usianze na fomu. Msamaha huu ni wa vyakula visivyohitaji friji wala kuwekwa moto ili visiharibike, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Mandazi, mahamri, visheti, chapati, biskuti, keki isiyo na krimu ya maziwa, kashata, ubuyu wa peremende, karanga za kukaanga na bizari ya pilau uliyoichanganya mwenyewe ikiwa kavu: hivi vinakaa mezani bila shida. Sambusa ya nyama haimo. Najua inauma, maana ndiyo inayouzika kuliko vyote, na Minnesota hata wasiojua neno moja la Kiswahili wanajua sambusa. Sambusa ya viazi pia haimo, kwa kuwa kiazi kilichopikwa kinahitaji ubaridi au moto kama nyama tu. Pilau, maharage, chai ya maziwa na matunda yaliyokatwa, vyote nje. Anayetaka kuuza hivyo njia yake ni leseni kamili na jiko lililoidhinishwa, na huo ni mwongozo mwingine.

Vitumbua sivitii upande wowote. Vina unyevu mwingi ndani, na mapishi hutofautiana nyumba na nyumba. Iandikie Idara ya Kilimo, taja viungo vyako vyote na namna unavyopika, usubiri jibu la maandishi. Fanya hivyo kwa chakula chochote ambacho mpokea simu wa Kimarekani hajawahi kukisikia. Ukimwambia "kaimati" atanyamaza. Mwambie ni donge la unga wa ngano lililokaangwa na kupakwa shira ya sukari, mtaelewana.

Achari inaruhusiwa kwa sharti: kipimo cha asidi, yaani pH, kisizidi 4.6. Juu ya hapo, bakteria wa botulizimu wanaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa, na sumu yao huua. Usikisie kwa ulimi. Nunua kipimo cha kielektroniki na upime kila unapopika, hata kama ni achari ya ndimu ya bibi yako ambayo haijawahi kumdhuru mtu.

Ukishajua unachouza, piga hesabu ya mauzo. Kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayapiti dola 7,665. Ya pili inaanzia hapo hadi dola 78,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2021 kutoka dola 18,000. Kinachohesabiwa ni pesa zote zilizoingia, kabla ya kutoa unga, mafuta na petroli. Wengi wanahesabu faida, wanajiweka ngazi ya kwanza, kumbe walishavuka mwezi wa nane. Dola 7,665 ukizigawa kwa wiki 52 unapata kama dola 147 kwa wiki. Harusi mbili kubwa msimu wa joto zinaweza kuitafuna nusu yake. Viwango hivi vinaweza kubadilika, kwa hiyo soma vilivyochapishwa kwenye fomu ya mwaka unaojisajili.

Mafunzo huja kabla ya usajili. Ngazi ya kwanza unasoma somo fupi mtandaoni, lililoandaliwa na Idara ya Kilimo, kisha unafanya mtihani mdogo, hulipi chochote. Ngazi ya pili unachukua kozi ndefu kidogo, ambayo kisheria haizidi saa nane, na unairudia kila baada ya miaka mitatu. Kitengo cha ugani cha Chuo Kikuu cha Minnesota hutoa kozi hiyo kwa ada. Maoni yangu ni kwamba hata wa ngazi ya kwanza aichukue akiweza, kwa sababu sehemu ya lebo na asidi inaelezwa vizuri zaidi huko. Hifadhi cheti au uthibitisho wa kumaliza; utaombwa kwenye fomu.

Fomu yenyewe haina mambo mengi. Unaijaza mtandaoni au kwenye karatasi: jina, anwani, ngazi yako, aina ya vyakula na uthibitisho wa mafunzo. Ngazi ya pili inalipa dola 50. Hakuna mkaguzi anayekuja kufungua kabati zako kwanza, ingawa idara inaweza kufuatilia iwapo mtu ataugua au kulalamika. Kutuma fomu bado si kusajiliwa: ngoja namba yako itoke ndipo upokee oda. Usajili unakwisha tarehe 31 Desemba, haijalishi ulianza lini. Ukijaza fomu Novemba, Januari utaijaza tena, basi kama huna oda za Krismasi ni heri ungoje mwaka mpya. Usajili ni wa mtu aliyeujaza, hauhami kwenda kwa shemeji unayemwachia jiko.

Lebo ndiyo kazi inayodharauliwa. Kila pakiti iandikwe kwa Kiingereza jina lako pamoja na namba ya usajili au anwani, tarehe ya kupika, viungo vyote na vinavyosababisha mzio. Marekani inataja vikuu tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za miti kama korosho, ngano, soya na, tangu 2023, ufuta. Kashata za ufuta zimo basi. Nazi iliondolewa kwenye kundi la njugu za miti mwanzoni mwa 2025, lakini bado ni kiungo, na mahamri ya nazi lazima yaseme yana nazi. Kisha kuna sentensi ambayo haibadilishwi hata neno: "These products are homemade and not subject to state inspection." Maana yake, vyakula hivi vimetengenezwa nyumbani na havikaguliwi na jimbo. Iandike kwenye lebo, iweke kwenye bango dogo mezani unapouzia, na kama unapokea oda mtandaoni iweke kwenye ukurasa wako pia.

Unamuuzia mlaji mwenyewe: nyumbani kwako, soko la wakulima, sherehe ya jamii, au kwa oda ya mtandaoni ambayo wewe uliyepika unaipeleka kwa mkono wako. Huwezi kuyaacha mandazi kwenye duka la Mwafrika yauzwe kwa niaba yako, wala kuiuzia hoteli kwa jumla. Na usivuke mpaka. Aliye Moorhead anaiona Fargo ng'ambo ya mto, ila Fargo ni North Dakota, na namba yako ya Minnesota inaishia darajani.

Kabla ya kununua karai jipya, piga simu mbili. Moja manispaa, kwa sababu msamaha wa jimbo haufuti masharti ya mji kuhusu biashara za nyumbani na matumizi ya ardhi. Nyingine kwa mwenye nyumba, kama umepanga. Soko la wakulima nalo lina kanuni zake, na baadhi hudai bima.

Kodi ya mauzo ina kichekesho chake. Minnesota haitozi kodi vyakula vingi, lakini peremende inatoza, na kisheria peremende ni tamu isiyo na unga. Kashata ina kodi. Mandazi yaliyopoa hayana. Yauze yakiwa yamewekwa moto, yanageuka chakula kilichoandaliwa, na kodi inarudi.

Kama unachouza ni mboga ulizolima mwenyewe, mengi ya hapo juu hayakuhusu. Katiba ya Minnesota, ibara ya 13, kifungu cha 7, inampa mtu yeyote haki ya kuuza mazao ya shamba au bustani anayoikalia na kuilima bila leseni, hata kama ardhi ameikodi. Sukuma wiki, managu na mchicha wa bustani yako unaweza kuuza hivyo hivyo ulivyovuna. Ukiongeza kitu cha dukani, tuseme umeikaanga sukuma na vitunguu ulivyonunua, umeshatoka kwenye kinga hiyo.