Kukadiria umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege

Anza na latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya mji. Uwanja unaweza kuwa kilomita 30 nje. Dakika za nyuzi zigeuze kuwa desimali: 3°30′ ni 3.5, si 3.30. Hapo ndipo wengi huharibu hesabu.

Tofauti ya latitudo zidisha kwa 60, upate maili za baharini. Ya longitudo zidisha kwa 60, kisha kwa kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati, yaani wastani wa latitudo mbili. Karibu na ikweta kosaini hiyo ni kama 1, lakini kwenye nyuzi 60 ni 0.5, kwa hiyo ukiisahau umbali wa mashariki–magharibi unakuwa maradufu. Jumlisha vipeo vya pili vya majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Mfano: 180 na 240 hutoa 300. Zidisha kwa 1.852 (1.609 ni ya maili ya nchi kavu): kilomita 556. Kwa safari fupi inatosha kabisa.

Ndege ya panga boi kama ATR 72 hukata takriban kilomita 500 kwa saa, yaani dakika 67 hapa. Ongeza 20 hadi 30 za kutembea ardhini, kupaa na kujipanga kutua. Upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa huongeza dakika 7 hivi.

Saa za kwenye tiketi ni za kila mahali kwake. Kagua kanda za saa kabla ya kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.