Kagua njia kabla kompyuta haijakupeleka: mwongozo kwa rubani anayeanza ndege kubwa

Otopailoti huirusha ndege kwa utulivu ambao mkono wa mtu hauuwezi kwa saa nane mfululizo, na sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni rubani kuiachia swali lililo lake: tuko wapi, na tunaelekea wapi? Hizi ndizo hatua ninazowafundisha vijana wanaohamia kwenye ndege zenye kompyuta ya safari, ile inayotunza njia na kuiongoza otopailoti.

Hatua ya 1: Piga hesabu yako kwanza

Fungua chati kabla ya kugusa kitufe. Nairobi kwenda Mombasa ni kusini-mashariki, kama digrii 135, maili za baharini 230 hivi. Andika namba hizo pembeni mwa karatasi ya safari. Kompyuta ikileta 315, uelekeo wa kinyume kabisa, utashtuka papo hapo. Ukiisubiri ikuambie kwanza, jibu lake litakukaa kichwani na utaliona sahihi hata likiwa bovu.

Hatua ya 2: Iambie ndege ilipo, kisha msomeane

Machi 2015, A330 ya AirAsia X ilikuwa Sydney ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Kapteni alikusudia kuingiza longitudo 151°09.8' mashariki, akaingiza 15°19.8'. Kwa hesabu za ndege, Sydney ikawa upande wa Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka ilipo. Dalili za kosa zilijitokeza wakiwa bado chini, hazikushughulikiwa. Walipopaa, ndege ikakata kushoto kuelekea njia ya wanaopaa kutoka barabara ya pili ya kurukia. Safari iliishia Melbourne, watu wote wakiwa salama.

Kwa hiyo mmoja aingize, mwenzake asome kwa sauti kutoka kwenye skrini huku kidole kiko kwenye chati. Kwetu sisi tunaoishi ikweta, chungeni herufi za kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko 6°52' kusini. Ukiiweka kaskazini umeihamishia Ethiopia, na hilo utaliona. Kisumu iko dakika 5 tu kusini ya ikweta. Ukikosea herufi pale, unahama kama maili 10, na ramani kwenye skrini itaonekana ya kawaida kabisa. Kosa la aina hiyo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Hatua ya 3: Tazama mstari, ndipo ubonyeze

Hapa ndipo nawakalisha vijana muda mrefu kuliko pengine pote. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikishuka usiku kuelekea Cali, Kolombia, katika bonde lenye milima pande zote mbili. Walikubali kubadilisha barabara ya kutua, muda ukawabana. Kapteni aliandika R akitaka kituo cha redio ya kuongozea ndege cha Rozo, kilichokuwa mbele yao karibu na Cali. Kompyuta ikampa Romeo, kituo kilichokuwa karibu na Bogotá, mbali upande wa kushoto. Akathibitisha bila mwenzake kukagua. Ndege ikakata kushoto kuelekea milimani, na ilikuwa bado inashuka. Kati ya watu 163, walinusurika wanne.

Zoea mpangilio huu. Ukiingiza kituo kipya, toa kidole kwenye kitufe. Mstari wa njia ambayo bado hujaithibitisha umechorwa kwenye skrini: unaelekea upande ulioutarajia? Umbali unalingana na hesabu ya hatua ya 1? Mwenzako aseme “nakubali” baada ya kuangalia mwenyewe. Na wewe rubani msaidizi, najua uzito wa kumsahihisha mtu uliyezoea kumwamkia shikamoo. Taja ukweli mtupu: “Kapteni, mstari unakwenda mashariki, uwanja uko kusini.” Hapo hujamvunjia heshima mtu.

Hatua ya 4: Soma modi kwa sauti

Baada ya kila badiliko, soma maandishi ya juu ya skrini yako. Yanaonyesha modi, yaani kazi ambayo otopailoti inafanya kwa sasa. Kubonyeza kitufe hakuthibitishi kwamba modi imeshika. Korean Air Lines 007, mwaka 1983, iliondoka Anchorage otopailoti ikishikilia uelekeo mmoja badala ya kufuata njia iliyopangwa. Marubani hawakugundua kwa saa kadhaa. Waliingia anga ya Kisovieti, wakatunguliwa, na watu wote 269 wakafa.

Hatua ya 5: Pima baada ya kona

Digrii 1 ya kosa inakutoa njiani maili 1 kila unaporuka maili 60. Tumia kanuni hiyo pamoja na redio ya kituo cha ardhini, kwa sababu ukiikagua kompyuta kwa namba zake yenyewe hujakagua kitu.

Hatua ya 6: Ukitatizika, kimo kwanza

Acha kushuka. Panda hadi kimo salama cha eneo hilo, shika uelekeo unaoujua, mwambie mwongoza ndege. Kompyuta itarekebishwa mkiwa juu ya milima. Kule Cali waligeuza ndege kurudi kulia, lakini hawakuacha kushuka, na walipopewa onyo la ardhi breki za mbawa, vibao vya kupunguza kasi, zilibaki wazi walipokuwa wakijaribu kupanda.

Mazoezi yafanye mchana, hewa ikiwa safi, kampuni ikiruhusu: ondoa otopailoti, fuata redio na dira kwa mkono. Omba nafasi hiyo kwa kapteni wakati wa brifingi, kabla hamjaondoka kwenye maegesho.