Kabla ya Kushika Njia ya Chalbi na Loiyangalani

Kabla ya kutaja tarehe ya safari, uliza habari za mvua. Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, ni ziwa la kale lililokauka, na likinyeshewa hurudi kuwa tope la chumvi. Siku chache baadaye juu huwa pamekauka na kupasuka vizuri, chini bado ni ute, na gari likishazama hapo mtachimba mpaka jua litue. Epuka basi masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba na Novemba. Hata kiangazi usizidharau laga, yaani mito mikavu ya mchanga: hujazwa na mvua iliyonyesha mlimani, mbali na macho yako. Ukiikuta inapita maji, zima gari usubiri yapungue. Wala usipige kambi ndani yake, hata kama mchanga ni laini na migunga ina kivuli.

Lami ya Isiolo hadi Moyale haina shida. Taabu huanza ukiiacha. Barabara ya changarawe ya kutoka Laisamis ndiyo nafuu, kwa kuwa ilitengenezwa ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Njia ya Marsabit, Kalacha na North Horr inapendeza zaidi, ila hiyo msiende na gari moja. Karibu na Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, mawe meusi ya volkano hukata tairi ubavuni, mahali pasipozibika, kwa hiyo beba tairi mbili za akiba, beleshi, na ubao wa kuwekea jeki isizame mchangani. Jaza tangi Marsabit. Mbele ya hapo mafuta huuzwa kwa mitungi, na siku nyingine hayapo.

Maji ya kunywa, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kisha ongeza ya siku mbili za kukwama. Usitegemee Ziwa Turkana: ni la magadi, lina floridi nyingi, na mamba wamo. Upepo nao huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, kiasi cha kung'oa hema lililofungwa kivivu. Ukitaka mashua ya kwenda Kisiwa cha Kusini, nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.

Wengi huenda Sibiloi, hifadhi iliyo mashariki mwa ziwa, wakitarajia kumwona Mvulana wa Turkana, yaani mifupa ya binadamu wa kale. Huyo aligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na mifupa yake iko Nairobi. Pitia makumbusho kabla ya kuondoka, ndipo Koobi Fora, mahali pa Sibiloi palipochimbuliwa mifupa ya kale, na miti iliyogeuka mawe vitakuwa na maana kwako. Mtandao wa simu hukatika kwa saa nyingi, hivyo malipo ya hifadhi yamalize ukiwa mjini, na ubebe noti ndogo.

Wagabra, Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo si mapambo ya picha. Salimia wazee, omba ruhusa, na kama kuna malipo patana kabla ya kutoa kamera. Kisimani ngamia hunywa kwa zamu waliyokubaliana wenye mifugo. Usiingize gari wala kuchota bila kuuliza.

Hali ya usalama hubadilika kila mifugo inapoibwa. Waulize polisi Marsabit asubuhi ileile ya kuondoka, kisha umchukue kijana wa huko awe kiongozi. Atazungumza na wenye visima, na atajua laga ipi ilipitika jana.