Kiduha Huitwa na Mahindi Yenye Njaa

Ukiona ua la zambarau limechomoza chini ya shina la mahindi, hasara imeshaingia. Kabla ya kuchungulia juu, kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, hukaa wiki kadhaa ardhini kikifyonza maji na chakula kwenye mizizi. Ndiyo maana mahindi hunyauka hata kama mvua ilinyesha jana. Wazee wa Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya waliposema shamba limerogwa, hawakukosea sana: kweli kuna jambo hufanyika gizani, na wanakemia wamelifumbua.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiziamshi. Husubiri mzizi upite jirani. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitenga kemikali inayoziamsha, wakaiita strigoli. Waliipata kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi hata kulishambulia! Ikabaki fumbo: mmea una faida gani kumwita adui yake? Jibu lilitoka Japani mwaka 2005. Kemikali za jamii hiyo, strigolaktoni, ni mwito kwa fangasi wema wanaoishi mizizini na kuuletea mmea fosforasi, kirutubisho cha udongoni. Kiduha kinadukiza tu. Na mmea ukikosa fosforasi, huzidisha mwito.

Kwa hiyo mahindi yenye njaa ndiyo yanayoita kiduha kwa sauti kubwa. Wengi wetu hungoja mahindi yafike magotini ndipo tutafute mbolea, tena ya kukuzia. Kwenye shamba la kiduha huko ni kuchelewa. Weka mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kama DAP, siku ile ile ya kupanda. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, kizibo kimoja cha soda kilichosawazishwa kinatosha kwa shimo, na mfuko wa kilo 50 utakaribia kumaliza ekari. Fukia mbolea kwa udongo kidogo kwanza, halafu mbegu, zisigusane. Mbegu ikigusa DAP huungua. Mwenye samadi iliyooza vizuri aichanganye humo humo. Kiduha hakitaisha msimu huo, usitarajie muujiza, ila mahindi yatapata nguvu ya kustahimili.

Fumbo la pamba nalo lina kazi shambani. Mazao kama pamba, soya na karanga huamsha mbegu za kiduha lakini hayakipi pa kunyonya, nacho hufa baada ya siku chache. Kubadilisha mazao, basi, ni kutega mtego. Wanakemia wanafuata njia hiyo hiyo: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walitangaza molekuli waliyoitengeneza inayoamsha kiduha kwa kiasi kidogo mno, ili mbegu zimee kabla mahindi hayajapandwa. Dawa za namna hiyo zimejaribiwa mashambani Burkina Faso na kupunguza kiduha. Bado ni za majaribio, kwa hiyo msimu huu tegemea soya yako.

Kuna pia desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ambayo binafsi naiamini kuliko njia nyingine zote. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, waliipanda kati ya mahindi ili kufukuza funza wa mabua, wakashangaa kuona kiduha nacho kinapungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: moja huamsha mbegu za kiduha, nyingine huzuia kimzizi cha kiduha kushika mzizi wa mahindi. Panda mstari wake katikati ya mistari ya mahindi. Mbegu ni ndogo, ichanganye na mchanga laini ndipo uimwage kwenye kifereji chembamba. Msimu wa kwanza ipalilie kwa mkono, maana changa hufanana na magugu na vibarua huing'oa. Ikishashika hudumu miaka, na ng'ombe wanaipenda.

Kiduha kilichokwisha kutokeza king'oe kabla hakijachanua. Kilichotoa mbegu kichome hapo hapo. Usikitupe kwenye samadi wala usikilishe mifugo. Na jembe la kuazima, au plau ya ng'ombe inayozunguka mashamba ya watu, ikung'ute udongo wote nje ya mpaka wako kabla haijaingia.