Kumlea kiwavi wa mndimu darasani: kutoka kitabu cha picha hadi kipepeo

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa darasa la maandalizi, karibu na Wete, ambaye viwavi wake wote walikufa kabla watoto hawajaona hata bawa moja. Alikuwa na kitabu kizuri cha picha kinachomfuata kiwavi tangu yai hadi kipepeo, na watoto wake wa miaka 4 na 5 walikwisha kukihifadhi. Walichokosa ni kumwona kiwavi mwenyewe akila. Mimi nami nilipoteza misimu miwili kabla ya kufaulu, na takriban makosa yote yalihusu nyumba ya kiwavi, kwa hiyo hatua hiyo nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Kukisoma kitabu

Kitabu chochote kinachosimulia maisha ya kiwavi kitafaa, madhali picha ni kubwa na maneno ni machache. Kisome mara mbili au tatu kabla ya kumleta kiwavi, na usiisahihishe hadithi. Vitabu vingi humwonyesha kiwavi akila matunda na vitu vitamu, kisha akijisokotea nyumba ya nyuzi. Wa kwetu hula majani tu na nyumba hiyo haijengi, lakini tofauti hizo waache watoto wazigundue wenyewe.

Hatua ya 2: Kumtafuta

Nenda kwenye mndimu, mlimau au mchungwa wiki chache baada ya mvua za vuli au masika kuanza, wakati majani machanga yamechipua. Kipepeo tunayemtaka ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Hutaga yai moja moja, dogo la duara, juu ya jani laini. Kiwavi mchanga ana weusi na weupe kama kinyesi cha ndege, na watu wazima wengi humpita bila kumjua. Akikua huwa wa kijani mwenye michirizi ya kahawia, na hufikia urefu wa sentimita 4 na nusu. Akiguswa huchomoza kichwani kijipembe chekundu chenye panda mbili na kutoa harufu kali, jambo ambalo halimdhuru mtoto. Mti wenye majimoto, wale chungu wakali wa mitini, uache, kwa kuwa wataumwa watoto, na viwavi nao huwa haba kwa sababu huliwa. Chukua viwavi watatu au wanne pamoja na vitawi vyao, usiwabandue kwa vidole, na kwanza muulize mwenye mti kama amepuliza dawa.

Hatua ya 3: Nyumba ya kiwavi

Usitumie chupa ya kioo wala kopo la plastiki lenye kifuniko, hata kama kifuniko kimetobolewa. Katika joto letu majani hutoa mvuke, mvuke hugeuka matone, kinyesi hulowa na kuota ukungu, na kiwavi hulegea, akawa mweusi na kufa kwa siku moja au mbili. Hivyo ndivyo nilivyowapoteza wa msimu wa kwanza.

Chukua boksi la katoni lenye kimo kisichopungua dhiraa moja, ulisimamishe, ukate madirisha mapana katika pande mbili, na uyazibe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Hapa ndipo penye kosa lililonigharimu msimu mzima wa pili. Madirisha yangu niliyaziba kwa kipande cha chandarua, kikiwa safi na chenye matundu madogo, na asubuhi ya pili viwavi wote watano walikuwa chini ya boksi, wamejikunja, hawasogei. Nilibadilisha majani, nikabadilisha maji, nikaleta viwavi wengine, nao wakafa vilevile. Siku nyingi zilipita kabla sijakumbuka kwamba vyandarua tunavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, dawa ambayo imetengenezwa istahimili kufuliwa mara nyingi, na kiwavi ni mdudu kama mbu alivyo mdudu. Kwa hiyo usitumie chandarua, hata kikuukuu, hata kilichofuliwa. Na kilicho kizima kinamfaa zaidi mtu anayelala chini yake. Tumia mtandio mwepesi wa zamani au pazia la wavu. Vilevile usiliweke boksi katika chumba kinachopulizwa dawa ya mbu au kufukizwa udi.

Ndani, simamisha kitawi cha mndimu katika kichupa cha maji, na mdomo wa kichupa uuzibe barabara kwa pamba, kwa sababu kiwavi hushuka kwenye kikonyo na kuzama. Badilisha kitawi kila siku au kila baada ya siku moja, na ukimbadilishia mwache ahame mwenyewe kwenda kwenye majani mapya. Chini tandika karatasi, uibadilishe kila asubuhi. Boksi liweke juu ya kimeza ambacho miguu yake imesimama ndani ya vikopo vya maji, kama bibi zetu walivyolikinga kabati la chakula, la sivyo sisimizi watafika kabla ya watoto.

Mwisho, usimtupe kiwavi aliyetulia. Kila anapotaka kujivua ngozi huacha kula na kukaa kimya takriban siku nzima. Mtoto mmoja wa darasa lile alilia, “Mwalimu, kafa!”, na mwalimu alikwisha kushika jani aende akalitupe. Tulimwomba angoje. Kesho yake kiwavi alikuwa anakula, na pembeni yake imebaki ngozi iliyokunjamana kama soksi.

Hatua ya 4: Kazi za mikono

Kiwavi hukua kwa wiki tatu hadi nne, na kila siku mpe kila mtoto kazi ndogo. Wamfinyange kwa udongo, wampime kwa uzi na kuubandika uzi huo ukutani kwa mpangilio wa siku, waunge vizibo vya soda kwa kamba huku wakihesabu. Karatasi zilizochapishwa tayari za kupaka rangi sizipendi, maana mtoto hujaza alichochora mtu mwingine. Kwa mabawa, kunja karatasi katikati, tia upande mmoja matone ya manjano na ya mbegu za mzingefuri zilizopondwa kwa maji, kisha waibonyeze na kuikunjua. Baada ya hapo tandika kanga, uikunje katikati, waone jinsi pindo la upande huu linavyolala juu ya pindo la upande ule.

Hatua ya 5: Pupa na kipepeo

Kiwavi akiacha kula na kuzunguka boksini, tia vijiti vikavu vilivyosimama. Atajishikiza kwa mkia na kujifunga uzi mmoja kiunoni, ameegemea kama mtoto aliye mbelekoni, kisha atakuwa pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo. Watoto watauliza kama ndiyo pupa ya kula kwa pupa; waambie jina ni moja tu, huyu hali chochote. Siku 10 hadi 20 zitapita, asiguswe. Pengine kutatoka nyigu mdogo badala ya kipepeo, kwa sababu nyigu alimtagia ndani yake. Waelezeni watoto hivyo hivyo ilivyo.

Kipepeo akitoka mabawa yake huwa yamenyauka na ya majimaji, na lazima apate mahali pa kuning'inia ili yakunjuke. Katika boksi fupi hubaki yamepinda milele, na ndiyo maana nikataka dhiraa moja. Mwachie saa kadhaa yakauke. Jua likishapanda, libebeni boksi hadi kwenye mndimu ule ule, fungueni kitambaa, na watoto wakae chini wasubiri aruke anapotaka.